Alama ya Pasi

Ulikuja na jibu tayari mdomoni: diski zimepinda.
Ulilipata Area C, ukalithibitisha Chang'ombe,
na jozi mbili mpya zikapanda basi kutoka Dar
ndani ya boksi la biskuti,
zikafungwa moja baada ya nyingine, zikatetemeka vilevile.

Mgonjwa haulizwi uji, Chidawali,
lakini gari huulizwa.
Linatetemeka wapi, mikononi au makalioni?
Mikononi, ukasema. Basi ni mbele.
Kuanzia spidi ngapi?
Mia na arobaini, nikikanyaga kuingia kona ya mwisho,
pale lami ya uwanja wa zamani wa ndege inapokutana na mbigili.
Na asubuhi, ukienda kazini Mtumba?
Ulinyamaza kidogo.
Asubuhi linanong'ona tu.

Nikalipandisha jeki.
Nikashika tairi juu na chini, nikalitikisa
kama anayemwamsha mlevi: beringi haikujibu.
Bushi nzima.
Nati tano zimekazwa kwa hasira, kila moja kwa hasira yake;
hilo nililiandika.
Nikavua diski. Nyuma yake, juu ya habu,
kutu na vumbi jekundu la Kongwa,
unene wa ukucha wa mtoto mchanga.
Nikapiga msasa hadi chuma kikacheka.

Kisha nikatoa saa ya kupimia,
ile aliyoniachia fundi Msanjila macho yalipomwishia.
Sindano ikaegemea uso wa diski,
nami nikazungusha polepole, kwa kidole kimoja.
Jirani yangu wa kuchomelea akazima mashine ili tusikie,
ingawa sindano haina sauti.
Ikasogea mistari miwili. Ikarudi.
Miwili, Chidawali! Unywele wako ni mnene kuliko hapo.
Diski hii haijapinda.
Sidhani kama hata zile za mwanzo zilipinda.

Sogea huku kwenye mwanga.
Unakiona hiki kivuli cha samawati,
kina kona nne, ukubwa wa pedi kamili?
Umewahi kuacha pasi ya mkaa juu ya shati la sare
ukaenda kuitikia hodi?

Niambie, ukimaliza mzunguko wa mwisho unafanya nini.
Nasimama.
Unasimamaje?
Nakanyaga breki, naongea na wenzangu dirishani,
wananisomea muda wangu.
Dakika ngapi?
Ukaangalia viatu vyako.

Basi ndiyo hiyo.
Chuma kinawaka, pedi imekumbatia mahali pamoja,
inaacha nyama yake hapo hapo.
Diski ikizunguka tena, pedi inajikwaa kwenye mabaki yake yenyewe,
usukani unakusimulia,
wewe unatafuta mchawi hadi Dar.

Ukauliza bei ya diski mpya.
Nikakupa msasa.

Alfajiri tukashika njia ya Hombolo.
Kutoka mia hadi ishirini, nikakwambia, mara kumi,
na usisimame kabisa,
hata mbuzi wakikutazama kwa lawama.
Ya nne ilinuka kwato zilizoungua.
Ya nane ilichechemea kidogo.
Ya tisa siikumbuki, ulikuwa unaniuliza
mume wangu anasemaje kuhusu kazi hii.
Ya kumi usukani ulikaa kimya
kama bakuli la maji mezani.
Tukapita mashamba ya zabibu mwendo wa harusi,
mguu wako mbali na breki, upepo ukimalizia.

Jumamosi ukirudi kule, zunguka raundi moja ya pole.
Ukisimama, tia gia, toa mguu, weka jiwe nyuma ya tairi.
Muda wako watakusomea tu,
hata ukiwa umeshuka.

Zile diski nne ulizozitupa hukuzirudia.
Nimezipandisha juu ya bati la gereji, moja kila pembe.
Upepo wa Agosti umeshang'oa paa la jirani mara mbili.
Langu halitikisiki.